Kiti cha Mtani Uani kwa Honorine

Siku ya kwanza Honorine Millogo alipoingia kwenye kibanda cha Demba Sangaré, karibu na stesheni ya reli ya Bobo-Dioulasso, alikuwa ameshajua anachotaka na mwisho wa bei yake. Alitaka amplifaya. Alikuwa mpika dolo, pombe nyekundu ya mtama, na ua wake wa mtaa wa Tounouma ulijaa kila Jumapili mchana kwa sababu ya balafoni, ile marimba ya vibuyu. Lakini watu walikuwa wameanza kuvuka reli kufuata magitaa ya umeme, na mnywaji hufuata ngoma, hafuati chungu.

Demba alikuwa Mpeul, yaani Mfulani, watu wa ng'ombe, mrefu, mwembamba kama nyaya alizokuwa akiunganisha. Wapeul na Wabobo, kabila la Honorine, ni watani tangu mababu, kwa hiyo biashara ilianza inavyopaswa, yaani kwa matusi.

"Mtumwa wangu," Demba alisema bila kuinua kichwa, "umechoka kunitoroka?"

"Nimefuata ng'ombe mliotuibia," Honorine akajibu. "Nikiwakosa nitachukua hicho kisanduku."

Kisanduku chenyewe kilikuwa kasha la redio ya zamani, na ndani yake spika kubwa iliyotoka kwenye sinema iliyofungwa. Demba alichomeka gitaa, akapiga nyuzi mbili. Sauti ilitoka na mvumo, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Honorine alifurahi kimoyomoyo, maana kasoro ni rafiki wa mnunuzi. Akasema spika imepasuka, akasema hata bure itamtia hasara, akasema mengi, na kila alilosema aliteremsha bei ngazi moja.

Demba hakuitetea mali yake. Alimwacha ashuke mpaka chini kabisa, kisha akasema kwa bei hiyo hauzi, anaazima. Kisanduku kitakaa uani kwa Honorine na yeye mwenyewe atakihudumia. Kwa malipo anataka kiti kando ya jukwaa, ambacho mtu mwingine hatakikalia, na kata moja ya togwa kila Jumapili, maisha yake yote. Togwa, kwa sababu alikuwa mtu wa swala na pombe hanywi.

Honorine alipima haraka. Kiti ni mbao nne na misumari. Togwa ni dolo ambayo haijachachuka, na kwake ilikuwa jikoni kila wiki. Akampa mkono kabla hajageuza nia, akarudi nyumbani akijiona mjanja.

Kumbe. Jumapili iliyofuata Lassina, mpiga gitaa wa bendi ya Nyota ya Tounouma, alipogusa nyuzi, bibi vizee wa mtaa, ambao gitaa la umeme waliliita kelele za kinu cha nafaka, waliinuka kwenye mabenchi wakaingia kati. Walikuwa wamesikia balafoni. Mafundi wa balafoni hutoboa vibuyu vyake na kuziba matundu kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Demba alikuwa ameitoboa karatasi ya spika mahali patatu, akaziba kwa karatasi ya kusokotea sigara. Kasoro aliyoishushia bei Honorine ndiyo iliyokuwa bidhaa.

"Ulinidanganya," alimwambia jioni.

"Mimi sikusema neno. Wewe ndiye uliyesema imepasuka, nami sibishani na mtumwa."

Wakafanya kazi hivyo miaka na miaka. Ilipokuja amri ya serikali ya kutotoka usiku, kumbi kubwa za dansi zilikufa moja baada ya nyingine. Ua wa Honorine, uliocheza tangu watu watoke misa hadi jua kuzama, haukupoteza wimbo hata mmoja. Kumbi zilipokufa yeye alinunua mabenchi na ngoma zilizobaki. Demba naye kila Jumapili alibadilisha karatasi zake, akaketi, akanywa togwa, akawa hakimu. Lassina akiharakisha, Demba aliinua kidole kimoja. Mwimbaji akipotea, alijiziba masikio. Mpiga tarumbeta mmoja alihamia mji wa Banfora, na mpaka leo anasema ni kwa sababu ya hewa.

Basi mwaka juzi akaja Prosper Kaboré kutoka Ouagadougou, mtu wa suti na maneno mafupi. Alitaka kuukodi ua mzima kwa miaka mitano, siku zote za wiki. Angeezeka mabati kutoka ukuta hadi ukuta, angeleta spika ndefu kama kabati, nyimbo zingetoka kwenye mashine na waimbaji wangechezesha midomo tu. Honorine alikuwa amevuka sitini, na banda lake la nyasi lilivuja. Kila masika mvua ilimnyang'anya Jumapili kadhaa. Alilitaka paa lile kuliko kitu chochote. Aliulizia bendi, akaambiwa itapiga siku ya ufunguzi tu. Akamvuta Prosper kwa siku nne mpaka akaongeza sakafu ya saruji, na hapo Honorine akaona mfupa umebaki mweupe, hauna nyama tena.

Jumapili Prosper alikuja wapeane mikono mbele ya watu. Karatasi za mkataba zingetiwa sahihi Jumanne ya wiki iliyofuata. Demba aliwatazama kutoka kitini, akapaza sauti.

"Bwana, angalia unachonunua. Huyo ni mtumwa wangu, na mtumwa hauzi nyumba ya bwana wake."

Ua mzima ukacheka. Hata Prosper alicheka, kwa kuwa kwao Wamossi nao wana watani wao. Honorine hakucheka.

"Ondoka kwenye kiti changu, Demba," alisema taratibu. "Leo si utani."

Lassina akatoa mkono kwenye nyuzi. Hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia Mbobo akimkasirikia Mpeul kwa kweli, tena mchana kweupe. Demba alimalizia togwa yake, akaifudikiza kata juu ya kiti, akaenda zake. Honorine alijua kwa nini utani ule umemwuma. Neno la mtani halichomi mpaka ligonge ukweli, na ukweli ni kwamba sauti ya ua ule haikuwa yake, ilikuwa ya Demba.

Jumapili iliyofuata kata ilikuwa bado imefudikizwa pale pale, hakuna aliyeigusa. Karatasi za spika zilikuwa zimechanika. Lassina akaziba matundu kwa utepe wa gundi, na gitaa likatoka safi, kama redio. Bibi vizee hawakuinuka. Kufikia wimbo wa tatu watu walikuwa wanakunywa tu, na mtungi wa pili haukufika nusu wakaanza kuaga.

"Unaona, Shangazi?" Prosper alimwambia. "Kile kisanduku kilikuwa kinakuharibia. Zangu zote zinatoa sauti safi namna hii."

Neno hilo "safi" ndilo lililomfanya Honorine apime upya. Barabara ile ilikuwa na nyua kumi za kunywea, na zote zilitoa sauti safi. Yeye angebaki na nini cha kumzidi jirani? Paa. Na paa, mwenye mfuko wowote atalinunua.

Jumatatu asubuhi alibeba jogoo mweupe, kokwa za kola za kutosha na mtungi wa togwa, akaenda stesheni. Mtani akikasirika hulipa faini, na aliyekasirikiwa ndiye anayeitaja.

"Mtumwa amerudi," Demba aliuambia waya aliokuwa ameushika.

"Amerudi na jogoo. Taja faini yako mapema."

"Jogoo mwenyewe amekonda. Ulikuwa unamlisha hasira?" Akamgeuza jogoo, akampapasa kifua, akamweka chini. Kisha akataja: Jumapili isiuzwe maadamu yeye yu hai. Siku nyingine sita, amkodishe hata shetani.

Honorine akavuta kigoda, akaketi. "Una miaka mingapi?"

"Sabini na miwili."

"Na kifua?"

"Kinakohoa."

"Nimekubali. Lakini ukifa kisanduku ni changu, na leo hii unanifundisha kuziba karatasi."

Demba alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mbobo wewe, umekuja kuomba radhi unaondoka na mali."

"Nawe faini yako imenila paa zima."

Akamfundisha. Mate yawe ukingoni tu, karatasi isivutwe, na ya tundu la katikati ilegezwe kuliko nyingine. Honorine alirudia mara saba, na mara zote saba aliitwa mtumwa asiye na vidole.

Prosper alikataa siku sita. Alisema wiki bila Jumapili ni nyama bila mafuta, na Honorine, aliyekuwa mchuuzi kama yeye, hakumlaumu. Akaukodi ua wa ng'ambo ya barabara, akauezeka wote, akamwaga saruji. Jumamosi unafurika, hilo halina uongo. Jumapili baada ya misa watu wake huvuka barabara kuja kwa Honorine, na huvuka wakiwa na kiu.

Honorine hajapata paa lake. Masika yaliyopita mvua ilimla Jumapili sita. Mwishowe alinunua mabati mwenyewe, yakatosha nusu ya ua, upande wa jukwaa, na ukingo wake ukaishia hatua moja kabla ya kiti cha Demba. Yeye anasema mabati yaliisha. Demba anasema mtumwa hajui kupima. Mawingu yakikusanyika Demba husogeza kiti chini ya bati, na Honorine humkumbusha kwamba walipatana kiti, hawakupatana kusogea.

Kisanduku kimeshaahidiwa na siri ya karatasi imetoka mikononi mwa Demba. Amebaki na kiti na kata yake, kama alivyoanza. Kila Jumapili Honorine humjazia togwa mwenyewe na kumuuliza habari za kifua. Demba hunywa kwanza, taratibu, halafu humjibu kwamba kinaendelea vizuri mno, asije akanunua kitambaa cha msiba.