Kiondo Kinachozunguka Kushoto

Kiharusi kilimkuta shangazi yangu shambani, akipalilia kunde, na kilipoondoka kiliondoka na mkono wake wa kulia. Mguu ulirudi baada ya muda. Mdomo nao ulinyooka, akaanza tena kugombana na majirani kama kawaida yake, tukamshukuru Mungu. Mkono ndio haukurudi. Akitaka kukaa, ilibidi auinue kwa ule wa kushoto, auweke mapajani, ndipo aanze mazungumzo.

Angekuwa mtu mwingine ningesema afadhali uhai. Lakini huyu alikuwa msukaji wa vyondo, vile vikapu vyetu vya katani. Kasigau nzima, ukitaka kiondo kisichovujisha hata punje ya wimbi, ulielekezwa kwake. Karibu kila mama wa kikundi chao cha ususi alijifunzia ubavuni pake. Tangu mkono ulale, aliacha hata kwenda kwenye mikutano yao. Alisema mgongo unamuuma. Uongo. Mgongo wake ulikuwa mzima kuliko wangu.

Mimi hakunifundisha. Mimi ni shoto, na nilipokuwa mtoto, kila nikishika katani, alininyang'anya. Wengi hudhani ilikuwa ile miiko ya mkono wa kushoto usiosalimia wala kupokea chakula. Hapana, shangazi hakuwa na muda wa miiko. Sababu yake ilikuwa kazi. Kwetu kiondo kikiwa bado kinasukwa si cha mtu mmoja. Kina mama hukaa bega kwa bega, na mmoja akiinuka, pengine ndovu wameingia kwenye mahindi, pengine mtoto analia, wa pembeni hukiokota kiondo chake na kukiendeleza pale pale alipofikia. Ndiyo adabu. Kukiacha cha mwenzio kikae bure ni kama kumwona amebeba kuni na usimtue. Sasa, shoto husuka kuelekea upande mwingine. Nyuzi zake hujipinda kinyume, na mwenye mkono wa kulia akizipokea, pale wanapokutana panainuka mstari kama kovu la jeraha.

"Chako wewe nani atakiokota?" aliniuliza, akanituma maji.

Nilikwenda kuchota maji. Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Nikakua, nikahamia Voi, nikafungua duka la misumari na rangi, na nikinunua kiondo nilikinunua kama mgeni yeyote.

Kisha ikaja habari ya siku ya utamaduni, ambayo ingefanyika Voi. Kutakuwa na ngoma, kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa, kitapikwa mbele ya watu, na kila kikundi cha sanaa kitaweka kibanda cha kufundisha wageni kazi yake. Kina mama wa Kasigau walialikwa. Walikuja nyumbani kwa shangazi kumweleza walivyopanga: yeye atakaa mbele, kwenye kiti kizuri, amevaa leso mpya na shanga, atambulishwe kuwa mama wa ususi, apigwe picha. Walisema kwa upendo kabisa. Nilikuwepo, nimekuja kumwona, nikamtazama usoni.

"Haya," aliwajibu. "Nitakaa."

Walipoondoka alinigeukia. "Unaona? Mtu hazikwi siku moja. Wanaanza na mkono, halafu wanakuweka kwa kiti."

Nilikasirika. Hasira zangu mimi si za kupiga kelele. Zikinishika nanyamaza, nakuwa mkaidi kama punda wa mchota maji. Niliapa palepale kwamba siku hiyo shangazi hatakaa kwenye kiti cha kupigiwa picha. Atakaa mkekani na wenzake, na atasuka. Mkono mmoja alikuwa nao, na ulikuwa mkono ninaoujua vizuri.

Tatizo likawa moja tu: kusuka kwenyewe sikujui.

Basi kila Jumamosi nilimwachia mtu duka, nikaenda Kasigau kwa ile barabara inayomenya watu figo, nikaketi na kikundi. Jumamosi ya kwanza sikuambulia kitu. Kina mama hufundisha ubavuni: unakaa pembeni ya anayejua, unafuata mikono yake. Mimi nikifuata, kila kitu kinakwenda upogo. Jumamosi iliyofuata nilihamisha mkeka, nikakaa uso kwa uso na mwalimu wangu, magoti yakikaribia kugusana. Mkono wake wa kulia ukawa upande wangu wa kushoto, kama kwenye kioo, na nyuzi zikaanza kuelewana.

"Ati unanikodolea macho hivi nimekukosea nini?" mwalimu wangu aliuliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Suka tu, mama," nilimwambia. "Mimi nasoma."

Kitako cha kiondo changu cha kwanza kilikaa kama chapati iliyokanyagwa. Cha pili kikasimama. Nilipoona naweza kupandisha ukuta wa kiondo bila kulegea, nilikipeleka kwa shangazi.

Alikigeuza, akakivuta, akapitisha ukucha kwenye safu. "Kinazunguka vibaya," alisema.

"Kinazunguka kushoto. Na wewe sasa ni shoto."

"Wewe ndiyo unifundishe mimi?"

"Mkono huu naujua kuliko wewe."

Alisonya. Lakini hakunirudishia kiondo.

Kumwambia ilikuwa rahisi, kumwezesha ndiyo kazi. Mimi shoto nina mkono wa kulia wa kushikilia kazi, yeye hana. Kiondo kilimkimbia mapajani, nyuzi zikamwachia kila akitaka kuzikaza. Hapo duka langu likanifaa. Nilileta kipande cha ubao na misumari midogo, tukakibana kitako kwenye ubao, ubao tukauegemeza magotini pake. Uzi mmoja aliushika kwa meno, mwingine akauzungusha kwa vidole. Na ule mkono uliokufa tukaulaza juu ya nyuzi zinazosubiri zamu, uzito wake ukazituliza. Alipouona umelala pale unafanya kazi, aliutazama kwa muda mrefu.

"Mvivu wewe," aliuambia. "Kumbe unaweza kukalia kitu."

Usifikiri ilikuwa nyimbo na furaha. Alinitukana. Aliutupa ubao mpaka uani, kuku wakatawanyika. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu, akanijibu niende nikamlete aliyesema hivyo, aje asuke kwa meno. Nilikuwa nauokota ubao, napangusa vumbi, namrudishia. Alikuwa mkaidi, lakini ukaidi wangu ulitoka kwake, na wa kwangu ulikuwa mchanga zaidi. Siku ya utamaduni ilipofika, alikuwa na kiondo kilichopanda kiasi cha kiganja, kimenyooka, kimekaza. Kwenye kiti kizuri kina mama waliweka mabegi yao.

Tulikaa mkekani, Voi, chini ya hema, vipaza sauti vikipiga kelele upande wa pili wa uwanja. Mimi nilikaa ubavuni pake. Wageni walikuja, wakaketi, wakasokota katani mapajani mpaka ikawawasha, wakacheka. Wengi walisimama mbele ya shangazi. Hakuwatazama, alikuwa na uzi mdomoni.

Mchana aliomba kwenda chooni, nikampeleka nikimshika kiuno. Tuliporudi, mama aliyekuwa upande wake wa pili alikuwa amekipakata kile kiondo, ubao na vyote, anasuka. Alikuwa anatimiza adabu. Mwenzake ameinuka, yeye ameokota. Alikuwa amekwisha kuongeza safu kadhaa, safi, za mkono wa kulia, na chini yake ule mstari ulikuwa umeinuka kuzunguka kiondo kizima.

Aliona nyuso zetu, akatazama mikononi mwake. "Maskini mimi! Nimesahau kabisa. Dada, nisamehe, wacha nifumue."

"Lete," shangazi alisema.

Aliketi, akapokea ubao, akaanza kufumua mwenyewe. Kufumua kwa mkono mmoja ni kugumu kuliko kusuka, kwa sababu uzi uliokazwa na mwenye mikono miwili haukubali upesi. Aliung'ata, akauvuta, akauchomoa. Mshereheshaji alifika na kipaza sauti, akatangaza kwamba hapa ndipo alipo mama wa ususi, akamwomba asimame watu wamwone.

"Niko kazini," shangazi alimwambia, na kipaza sauti kikalipeleka hilo uwanja mzima. Watu walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi kwa kutaka kumsaidia, na nilijua nikinyoosha mkono atauchapa.

Alifumua mpaka mstari ukaisha, mpaka ikabaki safu yake mwenyewe. Wakati huo jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na midomo imechubuka kwa katani. Alisuka kidogo, vidole vikaanza kuuachia uzi. Akakomea hapo, akapumua.

Upande wake wa pili alikaa msukaji hodari kuliko wote waliobaki Kasigau, na mbele yetu walikuwa wengine aliowafundisha tangu wasichana. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, wote wakimngoja. Kisha akausukuma ubao kwa kiwiko mpaka ukanifikia mapajani.

"Mkono umechoka," aliniambia. "Endelea hapo. Na ukaze."

Machozi yalikuwa yameshanijaa na sikuona aibu nayo. Nikaupokea uzi ukiwa bado umelowa mate yake, nikauzungusha kushoto, nikakaza. Yeye aliegemea bega langu, akapitisha kidole pale alipoishia na nilipoanzia, akautafuta ule mstari, hakuupata.