Ng'ombe Aliyekataa Majani

Mama alipohamia kwangu Olasiti hakuhama na ng'ombe wake. Nyumba yangu ina ukuta, geti la chuma na uwanja uliosakafiwa, na mke wangu alishatangaza kwamba hapo hapafugwi hata kuku. Ng'ombe akabaki mlimani, juu ya Maji ya Chai, kwa jirani mjane aliyekuwa rafiki wa mama tangu walipoolewa. Kwetu Meru hilo ni jambo la kawaida. Ukishindwa kufuga unamkabidhi mwenzako, yeye anapata maziwa na samadi ya migomba yake, na ng'ombe anaendelea kuwa wako.

Shida ni kwamba ng'ombe yule alizoea mkono mmoja. Mtu mwingine akisogea na ndoo alirusha teke na kuyabana maziwa. Wanawake wa kule wanaijua dawa ya hilo: mama akamwachia jirani kanga yake kuukuu, bila kuifua, awe anajifunga kila anapokwenda kukamua. Nilimtania mama kwamba ng'ombe hawezi kudanganywa na nguo kama mtoto wa chekechea. Kumbe alidanganyika. Jirani alipiga simu akicheka, akasema maziwa yanatoka bila ugomvi.

Baadaye simu zake zikawa za namna nyingine. Ng'ombe hali. Anayanusa majani, halafu anageuza shingo na kusimama akitazama njia. Jirani si mtu wa kuzungukazunguka na maneno, akamwambia mama kwamba huyu mnyama ameamua kufa. Mama alirudisha simu mezani. Tukapanga kwenda Jumapili baada ya ibada, lakini ng'ombe hakutusubiri.

Tulimkuta amelala nje ya banda na majirani wamemzunguka wakibishana. Mzee mmoja wa kanisa alisema mnyama hawezi kujiua kwa sababu hajui kwamba kuna kufa. Mwingine akasema kwao kulikuwa na mbwa aliyegoma kula siku mwenye mbwa alipozikwa, sasa huyo alikuwa anafanya nini? Nilitamani wanyamaze. Mama alikuwa ameinama akimshika ng'ombe wake sikio, na kila neno lilikuwa linamwingia. Kama kweli mnyama alichagua kufa, basi alichagua kwa sababu yeye alihama.

Bwana mifugo alipompasua tumbo alivuta bonge la kitambaa lililosokotana na majani. Jirani akashika kichwa. Ilikuwa ile kanga. Aliitundika ukutani bandani, ikapotea, na muda wote alidhani imeibwa. Bwana mifugo akaeleza kwamba ng'ombe hutafuna nguo hasa wakikosa chumvi, na tumbo likiziba hamu ya kula hukatika. Hakuna aliyejiua hapa, alisema, akaenda kunawa.

Nilifurahi, sitaficha. Nikamwendea mama kama wakili aliyeshinda kesi, nikamwambia umesikia mwenyewe, ni kitambaa tu. Mama akamgeukia jirani, akamuuliza kwa upole kama chumvi ilikuwepo. Jirani akamwonyesha jiwe la chumvi pale penye hori, limelambwa nusu. Hori lenyewe lilikuwa limejaa majani, kwa hiyo haikuwa njaa wala chumvi iliyompeleka kwenye kanga. Mama akaitikia kwa kichwa, akamshukuru mwenzake kwa kumtunzia, akaingia kwenye gari.

Jioni mke wangu alipakua ndizi na nyama, chakula anachokipenda mama kuliko vyote, naye akala matonge machache akasogeza sahani. Hilo halikuwa geni. Alikuwa akiacha chakula tangu alipofika, na sisi tulikuwa tukiambiana kwamba ni uzee, au ni meno. Tulimnunulia hadi dawa ya hamu ya kula. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti karibu na geti, nasi tukaona anaburudika kutazama wapita njia.

Nikamsihi aongeze kidogo. Nikamwambia tena asijilaumu, ng'ombe hana akili ya kukusudia kufa.

"Sijui alikusudia nini," mama alisema. "Ninachojua ni kwamba hakuwa na mdomo wa kuniambia. Mimi ninao, mwanangu. Nirudishe kwangu."

Mke wangu aliacha kula. Mimi nilianza kutaja mambo ya hospitali, ya baridi ya kule, ya nani atamchotea maji, kisha nikaona anavyonisikiliza, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayengoja mwenyeji amalize. Nilimrudisha wiki ile ile, na anaishi kule mpaka leo. Anakula vizuri. Kila mara jirani anaponiambia hivyo kwenye simu nafurahi, halafu naona aibu.