Chelangat aliniomba nikubali akatwe mguu, mimi nikakataa

Wakuu, salamu kutoka huku Merigi. Mimi huwa msomaji tu, siandikangi. Hii yangu sijapunguza wala kuongeza. Mkinitukana, sawa.

Ni mkulima wa majani chai, kashamba kadogo. Firstborn wangu alikuwa Chelangat, miaka kumi na mbili. Mtoto wa mdomo sana. Ukimtuma chumvi anarudi na habari ya soko nzima.

Akaanza kulalamika goti. Nikasema ni kukua, itaisha. Mama yake akawa anampaka dawa ya kuchua.

Wiki zikaenda. Ikafika mahali anaamka usiku akilia, na juu ya goti kukawa na uvimbe mgumu, ukibonyeza haubonyei.

Tukaenda Kericho, akapigwa x-ray. Daktari akaangalia hiyo picha. Akatutuma hospitali kubwa, huko wakatoa kipande cha mfupa wakapima.

Kansa ya mfupa.

Nilibisha. Kwangu kansa ilikuwa ugonjwa wa wazee.

Daktari, mama mmoja mpole, akatuketisha. "Baba Chelangat, tukianza dawa na tukate mguu mapema, ako na nafasi nzuri. Bado haijafika kwa mapafu."

Mimi nilisikia neno moja tu. Kukata.

Chelangat alikuwa hapo hapo. Akanivuta koti. "Baba, kubali tu. Nitatembea na magongo. Heri hii uchungu iishe."

Nikamwambia anyamaze, hii ni mambo ya watu wazima.

Wakuu, nilimtoa hospitali. Nikampeleka kwa mzee fulani upande wa Roret, anajulikana kwa kuunga mifupa. Akamfunga majani, akamchua. Miezi mitatu. Mke wangu alinisihi mpaka akachoka, tukawa hatuongei.

Uvimbe ukazidi. Halafu kikohozi kikaanza.

Tuliporudi, yule daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Sasa imefika kwa mapafu."

Chelangat alituacha asubuhi moja, kichwa kwa mapaja ya mama yake. Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta maziwa, ndiyo alikuwa ameitisha.

Sasa ni mwaka wa pili. Ile kitu nakosa zaidi ni kelele yake. Nikiwa kwa shamba nachuma, najipata nimesimama, nasikiliza. Watoto wakitoka shule naingia nyumba mpaka wapite.

Saa hii angekuwa na miaka kumi na nne. Mguu mmoja, mdomo ule ule. Kwani ningekosa nini?

Mke wangu tunaongea siku hizi. Polepole.

Mnisikize: uvimbe mgumu kwa mfupa wa mtoto, uchungu unaomwamsha usiku, hiyo si kukua. Si kila uvimbe ni kansa pia. Kijana ya jirani alipimwa, ikapatikana ni mfupa tu uliomea vibaya, ukatolewa, anacheza mpira. Lakini huwezi kujua kwa macho. Pima. Na daktari akisema kukata, uliza yote, lia ukitaka, ila usitoroke. Msikize mtoto pia, mwili ni wake.

Uwanja ni wenu. Kama wako alikatwa na bado uko naye, niandikie anaendelea aje. Hata vile anakusumbua. Usifiche eti nitaumia.

Nitasoma zote.