Namba ya Pikapu ya Baba

Mdogo wangu wa mwisho amenunua gari ya Kimarekani ya zamani, nyekundu, ya milango miwili, pua yake ndefu kama meza ya karamu. Mafundi wa Ghala, mtaa wa magereji hapa Maskati, wameihangaikia mwaka mzima. Ni nzuri, sikatai. Lakini ukikaa nyuma magoti yanagusa kidevu, na jua likiwaka haitoki. Inafunikwa shuka zuri kuliko langu.

Pikapu yetu nayo ni ya zamani, na ina milango miwili. Wazee wetu walipofariki niliacha skuli nikaanza kukaanga sambusa, na nilipopata leseni nikawa naiendesha hiyo pikapu ya baba kila alfajiri hadi sokoni Mawaleh. Wadogo zangu wawili mbele nami, wawili nyuma juu ya magunia ya vitunguu; nikitoka sokoni nawashusha skuli. Rangi imebabuka, kioo kimoja unakipandisha kwa viganja, lakini ukiiwasha inawaka papo hapo.

Kilichozusha maneno ni namba. Ya baba ina tarakimu tatu, aliipata zamani gari zilipokuwa chache, na siku hizi Maskati mtu mwenye namba fupi anatazamwa mara mbili. Yule wa gari nyekundu akanijia nayo:

"Dada, namba ya mzee inazungushwa na gari ya vitunguu. Huoni haya?"

"Haya nione mimi? Vitunguu hivyo vimekusomesha."

"Nnajua. Lakini kwenye gari yangu itaonekana. Watu watauliza ni ya nani."

"Hao wanaouliza, baba walimjua?"

Akacheka. Nikadhani yamekwisha.

Wiki iliyofuata akanipeleka Khuwair ya Kusini, kwenye ofisi ndogo wanakojaza fomu za serikali. Tunahuisha mulkiya, alisema, ile kadi ya pikapu, ambayo imo kwa jina langu. Akanisogezea karatasi.

"Weka saini hapa tu, Dada. Usijisumbue kusoma."

Nikasoma. Kiarabu changu cha skuli ni kidogo, lakini neno la kuhamisha nalijua, na namba ya baba niliiona imeandikwa kando ya jina la ile gari ya Kimarekani.

Kuitaka namba ningemsamehe. Lakini kunihesabu sijui kusoma! Mimi niliyemsikiliza masomo yake kila jioni, mafuta yakichemka jikoni.

"Hii si kuhuisha."

"Dada, taratibu, watu wanasikia."

"Wasikie! Ungeniomba ningekukatalia, tukaenda zetu kula. Wewe umeniletea kalamu kama mimi kipofu." Nikamgeukia karani. "Ichane hii. Nataka kuhuisha. Pikapu hiyo hiyo, namba hiyo hiyo."

Karani akamtazama ndugu yangu.

"Unamtazama yeye kwa nini? Jina hapo ni langu."

Ndugu yangu akatoka. Alipoiwasha gari yake mtaa mzima uligeuka. Nilibaki nikingoja kadi yangu, kisha nikaita teksi.

Ijumaa alikuja kula kama kawaida, nikampakulia wali. Alisifu wali, akasifu achari, akitafuta pa kuanzia kuomba radhi, nami sikumsaidia.