Ngoma Ilipoliruka Shamba la Bibi

Nilikuwa kwenye cherehani yangu pale Igoma, nashona sare za shule, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Niliubonyeza bila kuangalia umetoka kwa nani, maana mikono ilikuwa kazini, na ngoma ikajaa kibanda kizima. Nakwambia, rafiki yangu, mguu uliacha kukanyaga cherehani bila mimi kuuambia. Ulikuwa wimbo wa bibi yangu. Vijana walikuwa wanauimba kwa nguvu zote, lakini wakifika katikati wanapotea, wanamung'unya tu kama waumini waliosahau ubeti, kisha wanaibuka tena kwenye kiitikio.

Baada ya sauti likaja ombi. Kijana aliyejitambulisha kuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha kijijini kwetu, huko Magu, aliniamkia shikamoo mara mbili, halafu akaeleza shida yake. Wana mradi. Wanairudisha bugobogobo, ile ngoma ya kulimia kwa majembe, ili wananchi waielewe asili yao na kupitia ngoma hiyo waelimishwe kuacha mauaji ya vikongwe. Kuna wageni watakuja kuangalia. Kijijini hakuna tena anayeujua wimbo ule wote, na wamesikia mjukuu wa mwenyewe yupo Mwanza anashona nguo. "Mama, tunaomba utusaidie pale katikati tu," akasema. Pale katikati tu!

Sikumjibu siku ile. Nilirudi kwenye kazi, nikashona suruali ya mtoto wa watu mguu mmoja ndani nje.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwa sababu mama alikuwa mjini akihangaika na biashara ya samaki. Nyumba yetu iliegemea mawe makubwa, na ukipanda juu ya mawe hayo unaliona ziwa limelala kule chini, baada ya mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga. Juu ya mawe ndipo tulipoanika michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande jua linavipiga, na kabla havijakauka vizuri vinakuwa laini na vitamu kuliko peremende yoyote utakayoninunulia leo. Kazi yangu ilikuwa kuvilinda dhidi ya kuku. Kuku hawakula hata kimoja, lakini kila jioni bibi alivitazama, akanitazama, akasema, "Kuku wa hapa wana meno."

Miti kwetu iliisha zamani. Tulipikia mabua ya pamba, na yakiisha tunapikia mavi makavu ya ng'ombe. Kama hujawahi kupuliza moto wa mabua mabichi wakati wa masika, shukuru Mungu. Ule moshi haupandi juu, unakaa nawe palepale jikoni, unakuingia machoni mpaka kesho yake asubuhi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kama nyanya iliyoiva. Ya jirani yetu, rafiki yake mkubwa aliyekaa ng'ambo ya kichaka cha minyaa, yalikuwa hivyohivyo. Mimi nilidhani ndivyo macho ya mwanamke yanavyokuwa akikua, kama wanaume wanavyoota ndevu, na nilisubiri zamu yangu.

Mvua za kwanza zikinyesha, kijiji kilianza kulima kwa zamu. Leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, wote pamoja, mstari mmoja mrefu wa majembe na ngoma ikitembea nyuma yao. Ngoma ikisema inua, majembe yote juu, yanametameta. Ikisema shusha, ardhi yote inaitika kwa pamoja. Waliyarusha majembe hewani na kuyadaka, wakayazungusha mabegani, na shamba ambalo mtu mmoja angelilima mwezi mzima linaisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba kazi yake ni kupika. Mwanamke akisikia ngoma inakuja upande wake alikimbilia jikoni kupuliza moto huku anapiga vigelegele.

Bibi ndiye aliyeanzisha nyimbo. Ule wa kwake ulikuwa wa kumcheka mvivu: jembe la fulani lina homa, jamani, lipelekeni zahanati. Pale palipo na fulani anaingiza jina la mtu, hapohapo, wa mstari uleule, na mtu huyo angelima kama amefukuzwa na nyuki. Katikati ya wimbo, ile sehemu waliyoipoteza vijana, anataja wote ambao shamba lao limeshalimwa na wote ambao bado, ili asisahaulike mtu. Kila msimu majina yalibadilika. Jirani alikuwa mwitikiaji wake. Bibi akitaja, jirani anaitika, "Na huyo tutamfikia." Hakuna aliyewahi kuandika kitu, na sijawahi kusikia mtu aliyerukwa.

Hadi mwaka ule. Katika mji wa familia moja upande wa barabarani mtoto alipata homa akafa, na baada ya matanga akafa mwingine wa nyumba ileile. Baba yao akaenda kwa mpiga ramli. Aliporudi hakusema alichoambiwa, lakini kisimani wanawake walianza kunyamaza bibi akifika. Mpiga ramli, tulikuja kusikia, hakutaja jina. Alisema tu: mwanamke mzee, anakaa bila mume, macho mekundu, upande jua linapochomozea. Ni kama kusema mwizi ana miguu miwili.

Mwalimu wetu alijaribu. Darasani alituambia waziwazi kwamba macho mekundu ni moshi, na akatutuma tukawaambie wazazi. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema yaleyale. Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe kwenu ni wapi vile?" Watu wakacheka kidogo, mwalimu akakaa chini. Maneno ya mgeni kwetu yanasikilizwa, yanashukuriwa, halafu yanaachwa palepale yalipoangukia.

Zamu ya shamba letu ilipofika, bibi aliamka kabla ya jogoo. Alisonga ugali wa mtama wa kulisha watu wengi, akapika nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, akakaanga dagaa, akatoa maziwa mgando aliyoyatunza kwenye kibuyu. Mimi nilifagia uwanja. Ngoma tuliisikia inaondoka kwa mwenyekiti, inashuka bondeni, inapanda. Bibi akapiga vigelegele. Nilipanda juu ya jiwe nione wanavyokuja, na niliwaona wote, nilimwona na jirani katikati ya mstari, jembe begani. Wakafika penye minyaa. Wakakata kushoto. Ngoma haikunyamaza hata kidogo, ilipita ukingoni mwa shamba letu ikiendelea kupigwa, ikaenda shamba la mbele yetu, na majembe yakaanza kuinuka kule.

Bibi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakulia. Alisema, "Labda wamechanganya siku," akarudi ndani kufunika ugali. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua hawajachanganya kitu, na nilimchukia kila mtu niliyemjua.

Jioni ile jirani alikuja kwa kupitia nyuma, katikati ya pamba, akainama ili asionekane. Aliketi karibu na mafiga, akashindwa kumtazama bibi. "Ningetoka kwenye mstari," akasema, "kesho wangeniruka na mimi." Bibi akamsogezea sahani. "Kula," akamwambia, "chakula hakina kosa." Wakala wote wawili ugali wa watu wengi, na mwingine ukaishia kwa mbwa.

Tulilima wenyewe, bibi na mimi, tukaishia kipande kidogo. Baada ya mwezi hivi alinifungia nguo zangu kwenye kitenge, akanipandisha basi kwenda kwa mama, akasema shule za mjini ni nzuri. Nilikuwa bado nawasimulia watoto wa uswahilini kwetu Mabatini habari za majembe yanayoruka wakati habari yenyewe ilipokuja. Bibi alikutwa asubuhi mlangoni kwake, amekatwa. Hakuna aliyesikia kelele. Kijiji ambacho mtu akipiga yowe ng'ombe wake amepotea watu wote wanatoka na fimbo, siku ile kilikuwa kimelala fofofo. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini sikumjibu yule kijana. Lakini aliendelea kupiga, kwa adabu zake zote, na siku moja nikamuuliza kwa nini hawakwenda kwa jirani, maana nilijua bado yuko hai na aliuitikia wimbo ule maisha yake yote. Akajibu, "Tulimwendea, mama. Amesema amesahau." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na siku hizi wanamsemasema. Watu hawaendi kwake sana. Hata shamba lake limebaki pori." Nikamwuliza macho yake yakoje. "Mekundu, mama," akasema.

Nilifunga kibanda nikaenda. Kikundi nilikikuta kwenye uwanja wa shule wakifanya mazoezi, wazuri kweli, wamevaa fulana za mradi zenye maandishi ya kuwalinda wazee. Majembe yao yalikuwa ya kuchezea, mipini imepakwa rangi nyekundu na ya njano, hayajawahi kunusa udongo. Yalipaa na kudakwa, na nitakuwa mwongo nikisema moyo wangu haukupaa nayo. Niliwaambia wimbo nitawapa wote, sina hiyana, ila hauimbwi uwanjani kwanza. Tunaanzia shamba la jirani, na majembe ya kweli.

"Mama, sisi ni wa jukwaani," msichana mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

"Hata bibi yangu hakuwa na jukwaa," nikamjibu, "na bado mlinipigia simu kuutaka wimbo wake." Wakacheka tena, kidogo zaidi. Kiongozi wao akasema jambo hilo ni la haki, na akawatuma wenzake nyumbani kuazima majembe. Nilimpenda hapohapo.

Tukaenda asubuhi ya Jumamosi. Njiani nilifundisha ile sehemu ya katikati, na jina la kwanza nililoweka ni la jirani: bado, huyo bado, na huyo tutamfikia. Watoto walitufuata. Watu walitoka kwenye miji yao kuangalia, baadhi wakajiunga mstarini, hata mwanamume mmoja mzee niliyemkumbuka kutoka mstari wa mwaka ule, ambaye sikutaka kumtazama usoni. Ngoma ilishuka bondeni, ikapanda, ikafika penye minyaa, na safari hii haikukata kushoto. Nililia, sikuona haya.

Jirani alikuwa ameketi kivulini anapepeta choroko. Aliinua uso, akatuona: watu wengi, majembe mabegani, wanakuja kwake wanaimba jina lake. Ungo ulimwanguka. Aliingia ndani akitambaa kwa mikono na magoti, mlango ukafungwa, tukasikia kitu kizito kinaburutwa kuuegemea.

Nikanyamazisha ngoma. Nikaenda mlangoni peke yangu, nikabisha, nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, kama nilivyomwamkia kila asubuhi ya utoto wangu.

"Mimi sijaloga mtu," akasema kutoka ndani. "Niacheni. Siku zenyewe zimebaki kidogo, nitakufa mwenyewe."

Nikamwambia wamekuja kulima. Nikamwambia ni zamu yake. Nikamwambia mimi ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa nani, nikamkumbusha ugali ule na dagaa. Nikasikia pumzi yake kwenye upenyo wa mbao.

"Nimekujua," akasema mwishowe. "Sauti yako nimeijua. Hata bibi yako alifungua kwa sababu aliijua sauti."

Nilirudi kwa wenzangu, tukalima. Tulilima vizuri, bila ngoma, mstari mmoja, na shamba likaisha kabla ya jua kuwa kali. Hakuna moshi uliotoka jikoni kwake. Vijana wale watauimba wimbo mbele ya wageni wao, wote kabisa, na sehemu ya katikati, na watapigiwa makofi wanayostahili. Sisi wakubwa tutasema mila zetu zimerudi. Jirani atausikia akiwa ndani, kwa kuwa uwanja wa shule hauko mbali na kwake, na ataangalia kama mlango umeshika.