Mama Mkwe Aliyekataa Kutoka Kitengela

Mama mkwe wangu, Ndunge, aliongea na mimi kupitia watu wengine tangu nilipomwoa binti yake Evalyne hadi akazeeka kabisa. Mimi ni Mbukusu, yeye alikuwa Mkamba, na kwa jambo hili makabila yetu yanasikizana sana: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Jikoni kwake nisikanyage kabisa. Basi tukimtembelea Kitengela, mimi naketi sebuleni, yeye yuko jikoni, katikati ni ukuta wa mabati, na anamwambia binti yangu: "Cindy, mwambie baba yako chai iko tayari." Nimesikia kila kitu! Lakini nangoja Cindy aje aniambie, halafu namtuma arudi na asante. Inachosha, wacha tu.

Mumewe, mzee Maundu, alifanya kazi kwa kiwanda cha simiti kule Athi River, akafariki mwaka wa tisini na moja. Ndugu za mzee wakaja kutoka Makueni kumchukua mjane arudi nyumbani. Mama akawapikia muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa hadi ganda litoke. Wakala, wakashiba, wakaanza kuulizia mizigo iko wapi. Akawaambia, "Hii nyumba nimeijenga na huu mgongo wangu. Nikitolewa hapa, nitolewe nimekufa." Wakaenda zao.

Wakati huo Kitengela yake ilikuwa nyasi tupu, na pundamilia wakifika hadi uani. Jirani wa karibu alikuwa Soila, mama wa Kimaasai, anayekuja na kibuyu cha maziwa akimsalimia kwa Kimaasai, "Sopa, yeyo!" kutoka mbali. Mmoja hakujua Kikamba, mwingine hakujua Kimaasai, na Kiswahili chao wote wawili, Mungu anajua. Lakini wangeongea hadi jua lizame. Ule ukame wa mwaka wa elfu mbili, ng'ombe wakifa barabarani, ndama wa Soila walikunywa kwa tangi la mama, tangi la ardhini alilochimba na wamama wa kanisa.

Siku zake zote zilifanana. Kufagia, kuchota, kufua, kupika, kulisha kila mtu aliyeingia kwa lango. Evalyne alisoma hadi akamaliza kwa sababu ya kuku wa huyo mama. Na kutwanga! Mimi sikuruhusiwa kumtazama, kwa hivyo nilimjua kwa sauti ya mchi. Du, du, du, Jumamosi yote. Nilikuwa nachoka mimi niliyeketi.

Halafu mji ukamfikia. Gorofa zikamea pande zote, maji ya kuoga ya wapangaji yakipita mlangoni kwake. Miguu ikavimba. Evalyne akaanza kulia kila wiki kwamba mama aje akae kwetu Nkoroi. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba viwili, paa moja. "Nilale paa moja na mkwe wangu?" mama akamuuliza. "Aibu ya nini na uzee huu?" Nilikasirika, nasema ukweli. Kila Jumamosi ni mimi wa kuendesha gari lile bovu, na hata salamu yangu inapitia kwa mtoto.

Jumamosi moja ya mwaka wa elfu mbili na saba nilienda peke yangu kupeleka unga. Hakukuwa na mchi. Nikasikia mtu akiugua jikoni, nikasimama kwa mlango, mguu mmoja hewani.

"Nani huyo?"

Cindy hakuwa hapo wa kunijibia. "Ni mimi, mama."

"Mwite Soila," akasema.

Nikapiga kelele kwa ua. Soila alikuwa ameenda sokoni, na wale wapangaji wa gorofa walinichungulia tu kwa dirisha. Nikarudi mlangoni. Nilimsikia akilia, mama yule ambaye hakuna mtu alikuwa amewahi kumsikia akilia.

"Wamalwa," akasema. Sikujua kama anajua kulitamka jina langu. "Ingia. Lakini funga macho."

Nikafunga. Nikaingia nikipapasa kama kipofu, naye chini sakafuni akiniongoza: "Kushoto. Ngoja, kuna jiko hapo, utaungua. Inama sasa." Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, ilinihuzunisha sana. Tukatoka hivyo, yeye akiwa macho yangu.

Alikuwa amevunjika nyonga. Hospitalini Kajiado walimshughulikia, wakatuambia asiishi peke yake tena. Evalyne akaamua: Nkoroi, basi, mambo ya mila yaishe. Siku ya kumtoa hospitalini, mama alilala kiti cha nyuma, kichwa kwa mapaja ya Cindy. Tukifika Isinya, pale barabara inagawanyika, kushoto Kiserian na kwetu, mbele Kitengela, nikasikia sauti: "Cindy, mwambie baba yako anirudishe pale alinitoa."

Cindy akafungua mdomo. Nikamwambia nimesikia. Nikaenda mbele, na mke wangu hakuniongelesha hadi Kitengela.

Tukakubaliana kichovu tu. Evalyne akahamia kwa mama siku za kazi, mimi Nkoroi na Cindy tukijipikia sima mbichi. Ilikuwa miaka miwili hivyo. Nilikonda, nililalamika, sikujutia.

Alifariki asubuhi moja, kwa kitanda chake. Nilipofika, wamama walikuwa wamemhamishia jikoni, mahali penye baridi, wamemfunika leso. Nikasimama mlangoni. Soila akanishika mkono, macho mekundu. "Ingia, baba. Saa hii hakuna aibu."

Nikaingia nimefunga macho. Nikagonga jiko, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia liko wapi.