Avelina Alivyopima Video kwa Masikio

Mimi na Avelina tumepakana ukuta mmoja hapa Mbinga mjini kwa miaka sita sasa, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba. Mimi nashona nguo, yeye anatengeneza video. Kwa hiyo hakuna kwaya ya upande huu ambayo siijui sauti yake ya pili, na hakuna wimbo wa kwaya ambao sijauchukia walau kwa wiki mbili. Kipande kimoja anaweza kukirudia mara arobaini. Nikigonga ukuta kwa mkasi, anapunguza. Baada ya dakika tano anaongeza tena.

Hata hivyo nampenda jirani yangu, na nalisema mapema kabla sijaanza kumsema.

Kazi yake watu wengi hawaielewi. Wanadhani kazi ni kupiga picha. Picha siku hizi anapiga kila mwenye simu. Kazi ni kuifikisha. Video ya harusi ikitoka kwenye kamera ni nzito kama gunia la kahawa mbivu, haibebeki wala haitumiki. Lazima ibanwe, na kila mteja ana chombo chake. Wenye runinga bapa wanataka MP4. Kuna padre mmoja ana laptopu ya zamani, isipokuwa AVI haitaki kusikia kitu. Wanakwaya wanataka kijivideo cha kurushiana kwenye simu. Avelina anawajua watu kwa fomati zao kama mimi ninavyowajua kwa viuno vyao.

"Kaka Florian, yule mama wa Ukata," ataniuliza kupitia ukutani, "si ndiye mwenye deki inayogoma?"

"Ndiye. Kiuno inchi arobaini na mbili."

Kubana video, kwa jinsi alivyonielewesha, ni kuchagua cha kutupa. Kompyuta inatazama picha, inasema ukuta huu haujasogea, basi nitauhifadhi mara moja tu. Kinachosogea ndicho kinachokula nafasi. Ukitaka faili liwe dogo zaidi unapunguza ukubwa wa picha, unapunguza idadi ya picha kwa kila sekunde, na kila unachopunguza kuna mtu hatakiona.

Sasa Avelina alikuwa na tabia moja, na kwa haki niseme haikuwa yake peke yake, ni ya mji mzima. Alikuwa anakagua video kwa masikio. Anaiwasha, anaipa kompyuta mgongo, anamenya viazi vya mchana. Sauti ikitoka safi, kazi imekwisha. Na kwa nini asifanye hivyo? Huku kwetu video ni kwaya. Sura ya mtu ikififia hakuna anayerudi kulalamika, lakini sauti ya kwanza ikikwaruza, mwenyekiti wa kwaya yuko mlangoni kabla ya saa nne. Kwa hiyo alipobana, alibana picha mpaka basi, sauti akaiacha na raha zake.

Mwezi wa sita mwaka jana walikuja wageni wawili kutoka ziwani. Mmoja alikuwa Mwalimu Kilian, anayesimamia kitengo cha watoto viziwi katika shule moja ya huko Mbaha. Wa pili alikuwa Emerensiana, mwanamke wa miaka kama thelathini, kiziwi tangu alipougua homa utotoni. Alikuwa amejitolea kufundisha watoto wale kwa lugha ya alama miaka minne mfululizo, asubuhi darasani, jioni akiisaidia familia yake kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Tuna kompyuta sita za msaada, dada," Kilian alimwambia Avelina. "Zimechoka. Video nzito zinakwama, na nafasi ndani ni ndogo. Tunayo masomo kumi na mawili ya hesabu, mwenzangu huyu amejirekodi mwenyewe kwa simu. Tunaomba uyabane yaingie."

"Yanatakiwa lini?"

"Afisa wa elimu anakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuangalia watoto wakijifunza. Wakielewa, mwenzangu anapewa mkataba wa ualimu. Wasipoelewa, nafasi inafutwa, naye anabaki na usipa tu."

Emerensiana alikuwa akisoma midomo. Alipofika kwenye usipa alitabasamu kidogo, na halikuwa tabasamu la furaha.

Avelina aliimaliza kazi mchana mmoja. Mimi nikiwa upande wangu nikasikia maji. Mawimbi ya ziwa, taratibu, na jogoo mmoja, na mtumbwi ukiburutwa mchangani. Kumbe masomo yalirekodiwa ufukweni. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita ukuta ule ulinipa raha, mpaka nikasinzia juu ya suruali ya mtu.

"Umesikia, kaka? Hata jogoo anasikika!"

"Safi kabisa," nikamjibu.

Kwa hiyo kwenye kosa lile na mimi nimo.

Jumamosi asubuhi Emerensiana alirudi peke yake, flashi mkononi. Hakusalimia mtu. Alichukua kalamu juu ya meza ya Avelina, akageuza karatasi ya kalenda, akaandika: *Vidole vyangu viko wapi?*

Avelina aliisoma, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Mbona inasikika vizuri tu?" akasema.

Nilicheka. Nikajuta kabla kicheko hakijaisha, kwa sababu Avelina mwenyewe alikuwa ameshaelewa alichosema, na uso wake ulikuwa umeanza kuharibika.

Emerensiana alichomeka flashi, akamkalisha Avelina kwenye kiti, uso kwa kompyuta. Kisha akasimama nyuma yake na kumziba masikio kwa viganja viwili. Hivyo ndivyo Avelina alivyoitazama kazi yake kwa mara ya kwanza. Mkono uliinuka, ukageuka ukungu. Nne na tano zilikuwa kitu kimoja. Vidole vilishikana kama vya mtu aliyetoka kukanda unga. Kati ya alama moja na nyingine picha iliruka, katikati hamna kitu. Ziwa nyuma yake ndilo lililokuwa likimetameta bila wasiwasi.

"Kaka," akasema Avelina, masikio yakiwa bado yamezibwa, kwa hiyo alipiga kelele, "nimemziba mtu mdomo!"

Niliona haya kwa niaba yake, na kwa niaba yangu.

Lakini kuanzia pale nikaona fundi. Kwanza alifungua faili na kuangalia kinachokula nafasi. Sauti ilikuwa imekula karibu nusu. Mawimbi, jogoo na mtumbwi, kwa ajili ya watoto wasiosikia hata ngurumo. Akaifuta yote. Emerensiana, alipoonyeshwa, alicheka kwa mara ya kwanza, akaandika: *Kumbe kulikuwa na jogoo?*

Halafu Avelina akarudisha picha zote ishirini na tano kwa kila sekunde, vidole visipotee njiani. Ikabaki fomati. Ya kisasa inabana vizuri ajabu, faili linakuwa nusu, lakini kuifungua kunahitaji kompyuta yenye nguvu, na zile sita za Mbaha zingebaki kuhema. Ya zamani, MPEG ile ya enzi za deki, faili lake ni kubwa, lakini hata kompyuta kikongwe inaicheza bila kukwama. Avelina alizijaribu zote mbili kwenye mashine mbovu kuliko zote aliyonayo, ile anayoegeshea mlango. Ya kisasa ilikwama kwenye somo la kwanza. Akachagua ya zamani.

Haikutosha. Ziwa lile nyuma ya Emerensiana halikutulia hata sekunde moja, na kila wimbi lilidai nafasi yake. Kitenge alichovaa kilikuwa na maua ya rangi nne, na kila alipoinua mkono maua nayo yakatembea.

"Tunarudia kurekodi," Avelina akasema. "Ukuta mtupu, nguo isiyo na ua. Kaka Florian, nataka blauzi nyeusi. Leo."

"Leo Jumamosi, nina sare za kwaya."

"Kwaya wasubiri."

Sijawahi kumsikia akisema maneno hayo, na nadhani hata yeye alikuwa hajawahi. Nikashona. Tukahamisha nguo zote za wateja kutoka ukutani kwangu, na Emerensiana akasimama pale Jumamosi ile hadi jua likazama, na Jumapili baada ya misa, akayarudia masomo kumi na mawili. Jumatatu hadi Jumatano Avelina alibana na yeye akakagua. Ikiwa sawa, anaitikia kwa kichwa. Ikiwa si sawa, anatikisa kidole na kazi inarudi. Somo la tano lilirudi mara tatu. Ukuta ulikuwa kimya siku zote hizo, na ingawa nimelalamika miaka sita, nakiri niliboeka.

Alhamisi tuliteremka wote Mbaha. Mimi sikuwa na sababu ya kwenda, nilisema nakwenda kuangalia blauzi inavyokaa.

Afisa aliitwa Bwana Othmar, mtu mpole mwenye koti lililombana mabegani, ningeweza kumrekebishia. Watoto kumi na wawili walikaa wawili wawili kwenye kompyuta zile sita. Video zikaanza, bila kukwama. Bwana Othmar aliinama, akatafuta pa kuongezea sauti, akaongeza mpaka mwisho.

"Hii haina sauti."

"Haina, bwana," Avelina akamjibu. "Tumeitoa."

Akanyooka taratibu, akalainisha koti lake, na tangu hapo akatazama tu. Emerensiana wa kwenye kompyuta aliuliza, watoto wakajibu kwa vidole. Saba. Kumi na tisa. Thelathini na sita. Wote kumi na wawili walipata. Avelina alinifinya mkono mpaka nikamkanyaga.

"Hongereni," Bwana Othmar akasema. "Kwa kweli hongereni. Sasa nina swali. Kama masomo yote yamo humu, tena mazuri namna hii, mwalimu wa mkataba ni wa kazi gani? Si tunakili tu na kusambaza?"

Kilian hakumgeuzia Emerensiana swali lile kwa alama, lakini haikuwa lazima. Yeye, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa ameshalisoma midomoni. Avelina alikuwa ameitengeneza kazi ile vizuri mno, na kwa uzuri huo huo alikuwa amempokonya mwenzake mkate.

Kompyuta zilikuwa zinaendelea. Kwenye ile ya dirishani alikaa Walburga, msichana wa miaka tisa, akiwa kwenye somo la kugawanya. Mikate kumi na mitatu kwa watu wanne: kila mtu mitatu, unabaki mmoja. Walburga aliinua mkono na kuiuliza kompyuta.

"Anauliza ule uliobaki ni wa nani," Kilian akatutafsiria.

Emerensiana wa kwenye kioo alikwenda kwenye hesabu nyingine. Walburga akauliza tena, kwa alama kubwa zaidi, kama anayeongea na mtu asiyeona vizuri. Hakujibiwa. Akasimama, akageuza kiti chake, akakaa ameipa kompyuta mgongo, na kumuuliza yule wa mlangoni.

Emerensiana alimwendea, akachuchumaa mbele yake. Akaomba chaki kumi na tatu, akawaita watoto wanne, akagawa. Ile iliyobaki akaivunja vipande vinne. Walburga akatazama kipande chake, akakilinganisha na cha jirani, akalalamika kwamba cha jirani ni kikubwa, na hapo mabishano yakaanza, mikono juu. Jirani yake akageuza kiti. Kisha wa nyuma. Kisha wote. Kompyuta sita zikabaki zinacheza kwa migongo kumi na miwili, hakuna anayezitazama.

Avelina, aliyekuwa amehangaikia kila kidole kwenye picha zile kwa siku tano, alikuwa anacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Afadhali," akaninong'oneza. "Wasizitazame kabisa."

Bwana Othmar alisubiri mpaka ugomvi wa chaki ukaisha. Akafungua faili lake, akamgeukia Kilian.

"Jina lake kamili nani?"

"Muulize mwenyewe, bwana."

Akamwendea Emerensiana, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akampa kalamu na faili. Emerensiana akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa mwalimu.